Soriasisi Ilivyotengana na Ukoma

Historia ya tiba ya soriasisi husimuliwa zaidi kwa majina ya dawa: lami ya makaa ya mawe, taa za mionzi, methotreksati, na siku hizi sindano za kibayolojia. Masimulizi hayo yanaruka hatua iliyomfaa mgonjwa kabla ya zote, yaani kuondolewa katika kundi la wakoma. Ulaya ya kale iliita lepra maradhi mengi ya ngozi yenye magamba, na jina hilo lilitosha kumtenga mtu na jamaa zake. Robert Willan, aliyeanza kuchapisha mpangilio wake wa magonjwa ya ngozi mjini London mwaka 1798, aliyaeleza mabaka ya soriasisi kwa makini sana, lakini baadhi yake bado akayaita lepra. Aliyelifuta jina hilo ni Ferdinand von Hebra wa Vienna, mwaka 1841, miaka 32 kabla Hansen hajagundua bakteria wa ukoma. Hebra alitegemea wodi iliyojaa wagonjwa na macho yaliyozoea kuwatazama. Baka la soriasisi likikwaruzwa taratibu hutoa magamba meupe kama mabaki ya mshumaa. Ukiendelea, utando mwembamba hubanduka na vitone vya damu huchomoza. Baka la ukoma, mara nyingi, hata likiguswa kwa unyuzi wa pamba mgonjwa hahisi kitu.

Wapo watakaosema kwamba jina bila dawa halimponyi mtu, na kwamba madaktari bingwa wa ngozi kwetu ni wachache mno. Hoja ya uchache ni ya kweli, na ndiyo iliyozaa kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, mwaka 1992: huko maofisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika husomea ngozi kwa miaka miwili, kisha hurudi kutibu kwao. Hoja ya jina siikubali. Mgonjwa aliyetambuliwa vibaya hupewa vidonge vya steroidi, hupata nafuu, na akiviacha soriasisi inaweza kulipuka na kujaa usaha. Isitoshe, wekundu unaosifiwa vitabuni hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi. Baka huwa la zambarau au kahawia yenye kijivu. Na soriasisi kali inayozuka ghafla humkumbusha tabibu aliyefundishwa kushauri kipimo cha VVU, jambo ambalo mtu anayepaka krimu kwa kubahatisha hawezi kulifikiria.