Usifute Jina la Zamani, Utafuta Ushahidi

Wasee, swali rahisi kwanza. Umebadilisha jina la akaunti yako mara ngapi? Kulikuwa na lile la utani, likaja lile la mapenzi, sasa hivi uko na jina la heshima kwa sababu unatafuta kazi. Lakini akaunti ni ile ile. Wafuasi hawakupotea, video za zamani bado ziko. Nyuma ya jina kuna namba, na namba haibadiliki.

Sasa chukua hiyo akili uipeleke makumbusho.

Kwa kawaida kitu kilichohifadhiwa makumbusho huwa na rekodi yake kwenye databesi (mwalimu wa Kiswahili angesema hifadhidata). Inasema ni kitu gani, kilitoka wapi, lini, na nani alikitengeneza. Hapo kwa mtengenezaji ndipo kuna noma, kwa sababu majina ya watengenezaji hubadilika.

Unaijua ile picha ya wimbi kubwa la bluu, iko kwa matisheti na kava za simu? Ni ya Mjapani tunayemwita Hokusai, aliyeishi 1760 hadi 1849. Huyu jamaa alitumia majina zaidi ya 30. Alianza kama Shunrō, akawa Sōri, akawa Hokusai, akawa Taito, akawa Iitsu, na uzeeni akajiita Manji. Wimbi lilitoka karibu 1831, na saini yake inasema ni kazi ya Iitsu, zamani Hokusai. Yaani mwenyewe aliandika historia ya jina lake hapo hapo kwa picha!

Makumbusho yakiandika "Iitsu" pekee, wewe unayemjua kama Hokusai hutaipata. Yakiandika "Hokusai" pekee, yanapoteza dalili, maana jina alilosaini husaidia kujua kazi ni ya miaka gani. Dawa ni ile ya akaunti. Taasisi ya Getty kule Los Angeles ina orodha ya wasanii inayofanya hivyo: mtu mmoja, namba moja, majina yake yote chini yake. Tafuta kwa jina lolote, utamfikia.

Lakini Hokusai alijipa majina mwenyewe. Sisi je?

Mradi wa International Inventories Programme, ambao Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yalishiriki, umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi za nje. Kwa rekodi za zamani za aina hiyo, mara nyingi jina la aliyekichukua kitu lipo, la aliyekitengeneza halipo. Mahali pake unakuta kabila tu. Na hata jina la kabila hubadilika.

Chukua neno Kavirondo. Wakoloni walilitumia kwa watu wa upande wa ziwa. Ghuba ya Winam yenyewe iliitwa ya Kavirondo. Waluhya walikuwa Kavirondo wa Kibantu, Wajaluo Kavirondo wa Kiniloti. Jina Luhya lilikuja kushika miaka ya 1930 na 1940. Kalenjin nalo lilianza kushika miaka ya 1940. Kwa hivyo usitarajie chungu kilichobebwa 1905 kiwe kiliandikwa "Luhya" siku hiyo.

Sasa fikiria msichana wa Kakamega anatafuta vyungu vya kwao mtandaoni. Anaandika "Luhya". Chungu kilichoandikwa "Kavirondo" hakimtokei. Anafunga simu akijua kwao hakukuwa na kitu.

Najua kuna mtu ashakasirika: futa hilo jina la mkoloni, weka Luhya! Hasira yako naielewa, lakini pole pole. Kavirondo gani? Kama rekodi haikusema, pengine aliyefinyanga hicho chungu alikuwa mama Mjaluo wa Siaya. Ukibadilisha kwa nia nzuri, umempokonya mara ya pili. Na ukishafuta, hakuna atakayerudi kukagua, kwa sababu neno lililokuwa na shaka limeenda. Tena wenyeji nao walilitumia: miaka ya 1920 kulikuwa na chama cha walipa kodi wa Kavirondo kikitetea watu wa huko. Hiyo pia ni historia yetu.

Msimamo wangu ni huu. Jina la zamani libaki vile lilivyo, na iandikwe nani alilitoa na mwaka gani. Jina ambalo jamii inajiita leo liwekwe mbele, ndilo watu waone kwanza. Kama haijulikani ni Luhya au Luo, weka yote mawili na uandike "huenda". Halafu funga yote kwa namba moja. Mimi niliacha kampasi kabla ya kumaliza, na bado naona hii kitu haihitaji digrii. Inahitaji mtu asiyeogopa kuandika "huenda".

Homuweki yenu: muulize shosho watu wa kwenu waliitwaje na wageni zamani. Ingia databesi ya makumbusho yoyote ya nje iliyo wazi mtandaoni, tafuta jina la leo, kisha hilo la zamani. Majibu yakitofautiana, waandikie makumbusho. Hivyo vitu vilitengenezwa na mikono ya watu wetu, na kuuliza ni haki yako.