Tumukumbuke Steven Kanumba, muchezaji wa filamu aliyeingia katika nyumba zetu



Siku chache zilizopita nilikuwa nimekaa na mama mumoja mukimbizi, mwenyeji wa Masisi. Mutoto wake wa miaka 13 alikuwa anaangalia filamu kwenye simu, na watoto wengine kama kumi walikuwa wamejikusanya nyuma yake. Mama akaniuliza: "Huyu Kanumba, siku hizi anafanya nini?" Nikamujibu kwamba Kanumba amekufa tangu mwaka wa 2012. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba niseme polepole ili watoto wasisikie, maana filamu ilikuwa haijaisha.

Kwa hiyo leo ninaandika juu ya huyo kijana, kwa wale waliomupenda na kwa watoto ambao wanamuona kwa mara ya kwanza.

Steven Charles Kanumba alizaliwa tarehe 8 mwezi wa kwanza 1984 katika mukoa wa Shinyanga, inchi ya Tanzania. Ukifungua ramani utaona kwamba Shinyanga iko karibu na Goma kuliko ilivyo karibu na Dar es Salaam. Hakuwa mutoto wa muji mukubwa. Alisoma shule ya musingi kwao, kisha akaenda Dar es Salaam kuendelea na masomo, na huko ndiko muchezo ulimukamata. Mwaka wa 2002 aliingia katika kundi la Kaole, ambalo lilikuwa linaonyesha michezo yake kwenye televisheni ya ITV. Wengi waliokuja kuwa majina makubwa ya filamu za Tanzania walipita humo. Kanumba alionekana katika Jahazi na Dira, na watu wakaanza kumusimamisha njiani.

Wakati ule filamu za Kiswahili za kuuzwa kwenye CD zilikuwa zinaanza tu. Kanumba alikuwa kati ya wale walioacha kungoja televisheni na kwenda kutengeneza zao. Mwaka wa 2006 alicheza Dar 2 Lagos pamoja na Mercy Johnson wa Nigeria. Zikafuata Oprah, Fake Pastors, Village Pastor, She Is My Sister, Red Valentine, na nyingine nyingi. Katika Uncle JJ na This Is It alicheza na watoto wawili, Patrick na Jennifer, na kwangu mimi hizo ndizo anazopendeza zaidi, maana mbele ya watoto anaacha kujifanya kijana wa pesa. Mwaka wa 2011 alitoa Devil Kingdom na Ramsey Nouah, naye wa Nigeria. Wakati huo alikwisha kuwa na kampuni yake, anaandika, anaongoza, anacheza.

Sasa, kwetu Kivu zilifikaje?

Kabla yake, katika nyumba za video za Goma na Bukavu tulikuwa tunaangalia filamu za Wachina, za Wahindi na za Nigeria. Mutu mumoja alikaa pembeni na mikro, akatueleza kwa Kiswahili yale wachezaji wanasema, na mara nyingi aliongeza ya kwake. Michezo ya Kinshasa nayo ilikuja, lakini kwa Lingala. Tulicheka, ndiyo. Lakini mama aliyetoka shambani alikuwa anacheka kwa sababu wengine wanacheka. Kisha CD za Tanzania zikaanza kuvuka ziwa Tanganyika, kutoka Kigoma kuelekea Kalemie, Baraka na Uvira, na nyingine zikapanda malori kupitia Rwanda. Yule mutu wa mikro akakosa kazi. Mama huyo huyo alikaa mbele, akalia pahali pa kulia, akamutukana shemeji mubaya kabla hata muziki haujabadilika.

Kiswahili cha Kanumba si kile chetu kabisa. Yeye anasema Jumamosi, sisi tunasema siku ya posho. Yeye anasema watoto, sisi nyumbani tunasema batoto. Lakini hakuna neno lililotupita. Kwa watoto waliokimbia Rutshuru, Masisi na Walikale, wakakutana kambini kila mumoja na lugha ya kwao, Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, hizo filamu ziliwapa maneno ya kuchezea pamoja. Nimesikia watoto wa Mugunga wakigombana kwa Kiswahili cha Dar es Salaam, na hakuna mumoja wao aliyewahi kuona bahari.

Kuna kitu kimoja kinaniuma, nacho ni cha sisi wote. Kule Tanzania filamu yake moja iliuzwa kwa sehemu mbili, ya kwanza na ya pili, na hiyo ndiyo ilikuwa riziki ya waliofanya kazi. Huku kwetu tulinunua CD moja iliyokopiwa, yenye filamu nane, kwa bei ya sabuni. Mara nyingi sehemu ya pili haikuwamo. Nilizinunua na mimi, tena nilikuwa napunguza bei. Wachezaji wa Tanzania walilia miaka mingi juu ya wizi huo wa kukopi kazi zao. Tulimupenda Kanumba kwa moyo wote, lakini pesa tulizotoa zilibaki kwa mwenye mashini ya kukopi.

Hata kwao hakupendwa bila maneno. Mwaka wa 2009 alialikwa kama mugeni katika nyumba ya Big Brother Africa, na aliporudi watu walimucheka kwa sababu ya Kiingereza chake. Waliocheka ndio hao hao waliokuwa wananunua filamu zenye vichwa vya Kiingereza. Angeweza kujificha, yeye aliendelea kutafuta kazi na wageni, na makosa yake mudomoni.

Alikufa usiku wa kuamukia tarehe 7 mwezi wa ine 2012, siku ya posho, kesho yake ikiwa Pasaka. Alikuwa na miaka 28. Alikufa nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Mambo ya usiku ule yalifika mahakamani, na hukumu ilitoka mwaka wa 2017. Sitayafungua tena hapa. Rais Kikwete alifika kutoa pole. Tarehe 10 watu walijaa katika uwanja wa Leaders Club, makumi ya maelfu, wengine wakaanguka kwa kuzimia, kisha akazikwa kwenye makaburi ya Kinondoni. Nyuma yake wengine wakafuata: Sharo Milionea mwezi wa 11 mwaka huo huo, Sajuki mwanzoni mwa 2013, muzee King Majuto mwaka wa 2018. Filamu za Kanumba ziliendelea kutoka hata yeye akiwa kaburini, kama Ndoa Yangu na Love and Power.

Hapa kwetu habari ilifika kwa simu, na wengi hatukuamini. Mwezi ule ule askari walikuwa wameanza kutoka jeshini, na barabara za Masisi na Rutshuru zilikuwa zimejaa wasiwasi. Mwenye nyumba ya video ya mutaa wetu alibandika karatasi mulangoni, akaandika jina la Kanumba kwa mukono, na siku ya Pasaka aliwasha jenereta tangu asubuhi hata usiku. Kila siku tulilipa faranga 100 kuingia. Siku ile hakupokea kitu. Tulijaa mupaka inje, tukaangalia kwa dirisha.

Tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka huo vita iliingia Goma. Yule mwenye nyumba ya video alikimbia na watoto wake na mufuko mumoja wa CD. Televisheni aliiacha.