Maua ya miaka 149

Najua wiki hii kila mtu hapa chuoni yuko kwenye msuli na boom lenyewe limeshakata, lakini vumilieni niwape historia kidogo. Watu wa sayansi msikimbie, Darwin naye yumo.

Kuna mji Uingereza, karibu na Wales, unaitwa Shrewsbury. Charles Darwin alizaliwa hapo mwaka 1809. Mto Severn umeuzunguka karibu wote, na kando ya mto kuna bustani ya mji inayoitwa The Quarry, maana yake machimbo. Zamani walichimba mawe pale kweli. Shimo lenyewe sasa limejaa maua, wanaliita The Dingle.

Mwaka 1875 chama cha wapenda bustani wa huko, Shropshire Horticultural Society, kikaanzisha maonyesho ya maua ya kila mwaka, mwezi Agosti. Fikiria Nanenane, ila yenye maua: mahema makubwa, watu wanashindanisha mawaridi na vitunguu, farasi wanaruka viunzi, bendi zinapiga, usiku fataki. Guinness waliyatambua kuwa maonyesho ya maua yaliyodumu kuliko yote mahali pamoja.

Lakini mimi kilichonivutia ni hela. Kiingilio kililipwa, faida ikapatikana, halafu? Ikarudi kwa wananchi. Kile kibanda cha bendi kilichomo bustanini, cha mwaka 1879, kilitolewa na chama hicho hicho. Yaani bustani inatoa uwanja, maonyesho yanatoa hela, hela inarudi kupendezesha bustani. Mzunguko safi kabisa.

Vita kuu zote mbili ziliyasimamisha, yakarudi. Mwaka 1946 mji ukapata mkuu mpya wa bustani, Percy Thrower, kijana wa miaka 32. Huyu bwana alikaa kazini mpaka 1974. Alikuta miti mikubwa iliyopandwa mwaka 1719 imezeeka, akaikata na kupanda mipya. Jamani, kukata miti ya miaka zaidi ya 200 mbele ya wenye mji si mchezo! Akaipamba Dingle, baadaye akawa maarufu kwenye televisheni, na kuanzia 1969 akaendesha kipindi cha Gardeners' World. Waingereza wengi walijifunzia kwake kulima maua nyumbani.

Mwaka 2020 korona nayo ikayasimamisha. Yakarudi tena. Halafu Agosti 2024 yakafanyika, na miezi michache baadaye chama kikatangaza kwamba ya 2025 hayatakuwepo na chama chenyewe kinafungwa. Gharama zilikuwa zimepanda mno. Uchungu ni kwamba 2025 ndiyo yangetimiza miaka 150 tangu yaanze.

Sisi tunaosoma historia tumezoea kutafuta adui mkubwa: vita, mapinduzi, ukoloni. Hapa Hitler alishindwa, bili zikaweza. Na ukifikiria, shughuli ya nje ya siku mbili ni kamari. Hema linalipiwa, mlinzi analipwa, mvua ikinyesha wikiendi hiyo watu wanabaki kwao na kiingilio hakipo. Kupendwa na watu peke yake hakulipi deni.

Hata hivyo siwezi kusema kazi yao ilipotea. Bustani ipo, kibanda cha bendi kipo, miti ya mzee Thrower inatoa kivuli, na mtu anaingia bure mwezi wowote. Kama wale waanzilishi wangekula faida yote kwa posho na pilau, leo kungebaki picha tu.

Ndiyo maana nawauliza nyie viongozi wa vyama vyetu hapa kampasi, mnaochangisha kila mwaka kwa ajili ya bashi: muziki ukizimwa, mnaacha nini hapa? Hata mti mmoja?

Alamsiki.