Pwani ya Paje Haikuwa Tupu

Wanaokuja Paje kwa ajili ya kaiti, yaani kuteleza juu ya maji huku wakivutwa na tiara kubwa, huwa wamepachagua kwa mambo manne: upepo usiokatika, maji mafupi, nafasi ya kutosha na gharama inayobebeka. Mimi nimezaliwa hapa, kusini mashariki mwa Unguja, na nimeyasikia mambo hayo manne tangu tiara za kwanza zilipoonekana kwetu miaka ya 2000. Kila moja lina chimbuko lake. Nayaandika kwa sababu asiyeyajua huiona pwani yetu kuwa ni tupu, na mama yangu ameitumikia pwani hiyo tangu ujana wake.

Kwanza upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Disemba mpaka mwanzoni mwa Machi. Kusi hushika nguvu Juni na haulegei mpaka Septemba. Baina yao kuna masika na vuli, majira ambayo upepo hubadilika badilika na nahodha mwenye akili hakai mbali na nyumbani. Kwa pepo hizo mbili majahazi ya Oman, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, vyombo na nguo, yakangoja bandarini, kisha yakarudi na kusi yakiwa yamebeba boriti za mikoko, pembe na, kuanzia karne ya 19, karafuu. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kilichoandikwa katika karne ya kwanza kinaieleza safari ya kuja pwani hii, kwa hiyo upepo huu ulikuwa na wateja zamani sana.

Lakini upepo hauwafai wasioweza kuuhesabu. Wazee wa kusini mwa Unguja walikuwa na mwaka wao wa jua, wenye siku 365, uliogawanywa katika miongo, kila mwongo siku kumi. Mwezi mwandamo uliwaonesha Ramadhani na sikukuu, ila mwandamo huzunguka misimu yote, hauwezi kumwambia mtu lini apande mtama wala lini bahari itachafuka. Miongo ndiyo iliyosema. Wageni wanaokwenda Makunduchi mwezi wa Julai kutazama Mwaka Kogwa, wanaume wakipigana kwa mashina ya migomba na kibanda cha makuti kikichomwa, wanatazama mwanzo wa mwaka huo. Julai ni kusi iliyokomaa. Babu yangu, aliyekuwa mvuvi wa ngalawa, hakuhitaji mtu wa kumwambia wiki ipi ina upepo. Alikuwa anahesabu mwongo, anatazama mawingu ya asubuhi, basi.

Nguvu ya upepo siyo yote. Ufukwe wa Paje unatazama mashariki. Kusi huuingia kwa upande wa kulia wa anayetazama bahari, kaskazi kwa upande wa kushoto, na zote mbili humsukuma mtu kuelekea nchi kavu. Anayeanguka au kukatikiwa na kamba hurudishwa ufukweni, hapelekwi Bara Hindi. Kisha kuna mwamba. Umesimama mbali na ufukwe, mwendo mrefu wa miguu maji yakiwa yamekupwa, na mawimbi ya bahari kuu hupasukia kwake. Ndani ya mwamba maji yanabaki laini, na mwanafunzi wa kaiti husimama kwa miguu yake mwenyewe.

Mwamba huohuo ndio ulioifanya Paje kuwa mahali pa unafuu na nafasi, na hapa ndipo watu wengi hawafiki wanapoieleza pwani yetu. Meli kubwa haikuweza kutia nanga upande huu. Bandari ikawa magharibi, kwenye kivuli cha kisiwa, na mji ukakua huko. Karafuu nazo zilipoletwa zilipandwa magharibi na kaskazini, kwenye udongo mzito. Mashariki na kusini ni uwanda: mawe ya matumbawe yenye udongo kiasi cha kujaza mianya, unapanda muhogo na mtama baina ya jiwe na jiwe. Wenye mashamba makubwa hawakuutamani. Wahadimu, wenyeji wa upande huu, walibaki humo na vijiji vyao, na serikali moja baada ya nyingine, ya Sultani, ya Waingereza, hata zilizofuata Mapinduzi ya 1964, zilielekeza macho kwingine. Mchanga mweupe haukuwa na bei. Unafuu ambao mgeni aliukuta Paje ulitokana na karne nzima ya ardhi kuhesabiwa kuwa haina thamani.

Haikuwa na thamani kwa wengine. Wanawake wa Paje, Bwejuu na Jambiani waliishi kwa pwani hiyo, na kazi yao ya kwanza ninayoijua ni makumbi. Maganda ya nazi yalifukiwa kwenye mchanga unaofunikwa na maji kila siku, juu yakawekwa mawe yasichukuliwe na mkondo. Yalikaa miezi mpaka yakaoza, yakafukuliwa, yakapondwa kwa rungu na kuoshwa, ukapatikana usumba wa kusokota kamba. Kila mwanamke alilijua shimo lake. Hapakuwa na ukuta wala hati, ila mwenye kugusa shimo la mwenzake alijulikana kijiji kizima. Bibi yangu alisokota kamba mpaka viganja vikawa vigumu, na kamba hizo zilifunga majahazi, vitanda na paa za nyumba.

Mwani ukaja mwaka 1989. Zamani watu walikuwa wakiokota mwani wa porini na kuuza, lakini kilimo chenyewe kilitanguliwa na utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mbegu zilitoka Ufilipino. Mashamba ya mwanzo yalikuwa hapa, Paje na Jambiani. Vigingi vilipigwa mchangani, kamba zikavutwa baina yao, vishada vya mwani vikafungwa kimoja kimoja. Wanaume walijaribu, wengi wakaacha wakasema malipo ni madogo kwa kazi ya kuinama vile. Wanawake wakabaki. Aina zilikuwa mbili, spinosum na cottonii, na ndani yake kuna ute unaotumika viwandani kugandisha vyakula na kutengeneza dawa ya meno. Zanzibar imefikia kuuza zaidi ya tani 10,000 za mwani mkavu kwa mwaka. Kwetu nyumbani mwani ulilipa sare za skuli, ukaezeka bati, na ukampa mama yangu fedha ambazo hakumwomba mtu. Sijaona mradi mwingine uliobadilisha sauti ya wanawake ndani ya nyumba kama ule, na nasema hivyo nikijua bei waliyolipwa ilikuwa ndogo mno.

Mbali na sisi, kaiti ilikuwa inazaliwa polepole. George Pocock, mwalimu wa Bristol, alisajili mwaka 1826 gari lililovutwa na tiara barabarani. Mwaka 1903 Samuel Cody alivuka mlango wa bahari baina ya Ufaransa na Uingereza kwa mashua iliyovutwa na tiara. Katika miaka ya 1970 Dieter Strasilla alikuwa akivutwa kwenye theluji ya milima ya Ulaya. Lililofungua njia ya baharini ni wazo la ndugu wawili wa Brittany, Bruno na Dominique Legaignoux, waliosajili mwaka 1984 tiara yenye mirija ya kujazwa pumzi. Tiara ya kawaida ikianguka majini imekwisha. Yao ilielea, na mtu aliweza kuirusha tena akiwa peke yake. Iliuzwa kwa jina la Wipika kuanzia mwaka 1997, na haikuchukua muda watu wakaanza kuzunguka dunia wakitafuta maji mafupi yenye upepo.

Paje walikuta vyote, na vyumba vya bei ndogo. Zanzibar ilikuwa imeufungulia utalii milango katikati ya miaka ya 1980, na miaka ya 1990 nyumba chache za wageni zilijengwa ukanda huu kwa ajili ya vijana wenye mabegi mgongoni. Waalimu wa kaiti wa mwanzo walikuwa wageni. Vijana wetu walianza kwa kushika tiara na kukunja kamba, baadaye wakafundishwa, baadaye wakawa waalimu wenye vyeti. Kijana aliyekulia kwenye ngalawa hafundishwi upepo, anafundishwa kifaa tu. Nawaonea fahari, na nawaambia hivyo wanapopita.

Mgongano ulikuja kwa sababu ya saa za maji. Siku za bamvua maji hupwa sana, na kwetu hukauka yapata saa nne asubuhi. Wakati huo kinamama wamo shambani, mbali, karibu na mwamba. Maji hurudi mchana, yanajaa kama saa kumi jioni, na mchana ndipo upepo unapoongezeka nguvu kwa sababu nchi imepata joto. Kwa hiyo mwenye mwani anamalizia kufunga kamba zake maji yakiwa yamemfika magotini, na mwenye tiara ndipo anapoona maji yamemtosha. Wanakutana palepale. Ubao ukipita juu ya kamba, mwani wa wiki kadhaa hukatika na kuchukuliwa na mkondo. Kamba za tiara nazo hukaza kama waya, na mwanamke aliyeinama na gunia hana pa kukimbilia. Mama yangu alipoteza mistari mizima hivyo, na aliyeikata hakusimama. Siamini alikuwa na nia mbaya. Aliona vijiti majini, hakuambiwa kwamba vijiti vile ni shamba.

Siku hizi sifa ya nafasi imepungua. Januari mchana tiara hupishana kwa shida mbele ya hoteli, viwanja vimepanda bei, na wanaotafuta utulivu wanasogea Jambiani, au wanavuka kwenda Kenya, pwani ya Che Shale kaskazini mwa Malindi. Huko pia kuna wavuvi, na wamekuwapo muda wote. Anayeniuliza lini aje Paje akapata nafasi humwambia aje na kusi, Juni au mwanzoni mwa Septemba. Bamvua asubuhi ashuke kwa miguu, aombe ruhusa kwa kinamama, atazame mashamba yalipo kabla hajafungua tiara yake. Watamwonesha. Wanawake wa hapa si wachoyo wa maelezo.

Upande wa mwani nao umebadilika. Maji ya kina kifupi yamepata joto, na cottonii, aina yenye bei nzuri, inakufa humo. Spinosum inastahimili zaidi, lakini bei yake ni ya chini. Ndiyo maana baadhi ya wanawake wa Zanzibar wameanza kulima kwenye maji marefu zaidi, kwa kamba zinazoelea na nyavu zenye umbo la bomba, na kwa hilo wamejifunza kuogelea na kutumia mashua, mambo ambayo bibi yangu hakuyafikiria. Mashamba hayo yatafika mahali ambapo leo pana tiara tu. Wanaogawa maeneo ya bahari, wa kijiji na wa serikali, wawaite wanawake hao kwenye kikao kabla boya la kwanza la kaiti halijatiwa, na kikao kisiwekwe asubuhi ya bamvua.