Wahat al-Salam – Neve Shalom: Kijiji kilichojengwa kwa mabishano

Barabara kuu ya kutoka Tel Aviv kwenda Yerusalemu hupita chini ya vilima vya Latrun, kando ya bonde la Ayaloni, lile ambalo kitabu cha Yoshua kinasimulia kuwa mwezi uliamriwa kusimama juu yake vita viishe. Aliyeutaka mji mtakatifu alilazimika kwanza kuushika mlango huu. Mwaka 1948 majeshi ya Israel yalishambulia Latrun mara kadhaa na kila mara yakarudishwa nyuma na Jeshi la Kiarabu la Jordan. Katika vita vya Juni 1967 Israel ilipateka. Vijiji vitatu vya Wapalestina vilivyokuwa hapo, Imwas, Yalu na Beit Nuba, vikabomolewa na maelfu ya wakazi wake wakafukuzwa. Imwas ndiyo ambayo Wakristo wengi wa kale waliiamini kuwa Emau ya Injili ya Luka.

Ni katika ujirani huo, miaka mitatu tu baada ya mabomoko hayo, ndipo padri mmoja alipokodi kilima kitupu na kutangaza kwamba Wayahudi na Waarabu wataishi juu yake kwa hiari yao.

Padri huyo, Bruno Hussar, alizaliwa Cairo mwaka 1911 katika familia ya Kiyahudi isiyoshika sana dini. Alisomea uhandisi Ufaransa, akabatizwa huko, akajiunga na shirika la Wadominiko na kupata upadrisho mwaka 1950. Miaka mitatu baadaye alihamia Israel. Wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano alikuwa miongoni mwa walioshauri kuhusu Nostra Aetate, tamko la mwaka 1965 lililobadili namna Kanisa Katoliki linavyowatazama Wayahudi. Hussar alikuwa akisema kwamba ndani yake mna watu wanne: Mkristo, Myahudi, Mwisraeli, na mzaliwa wa Misri aliyejihisi karibu sana na Waarabu.

Mwaka 1970 watawa Watrapisti wa monasteri ya Latrun walimpangisha eneo la ekari 100 hivi. Kati ya 1949 na 1967 ardhi hiyo ilikuwa katikati ya mistari ya kusitisha mapigano, haina mtawala wala mlimaji. Haikuwa na maji, umeme, njia wala mti wa kumpa mtu kivuli. Jina la mahali lilichukuliwa kutoka Isaya 32:18, panapozungumzia watu kukaa katika makao ya amani: Neve Shalom kwa Kiebrania, Wahat al-Salam kwa Kiarabu. Pamoja na Anne Le Meignen, Mfaransa aliyekuwa msaidizi wake wa karibu, Hussar alisubiri miaka kadhaa kabla ya kuona familia hata moja ikishusha mizigo.

Wazo la watu wa pande hizo mbili kushirikiana halikuanza naye. Mwaka 1925 wasomi wa Kiyahudi wa Yerusalemu waliunda Brit Shalom, chama kilichotaka nchi moja ya mataifa mawili yenye haki sawa. Mwaka 1942 Judah Magnes, kiongozi wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, na mwanafalsafa Martin Buber waliunda kingine, Ihud, kwa lengo kama hilo. Vyama hivyo viliandika makala na kupeleka mapendekezo kwa wakubwa, lakini wafuasi wao miongoni mwa Wayahudi walikuwa wachache, na upande wa Waarabu mwenzao alihatarisha maisha. Fawzi al-Husayni, aliyefanya mapatano na Wayahudi wa msimamo huo, aliuawa Novemba 1946, miezi michache tu baada ya kujitokeza hadharani.

Kisha ukaja mwaka 1948. Wapalestina zaidi ya 700,000 walikimbia au kufukuzwa, msiba wanaouita Nakba. Wapatao 150,000 walibaki ndani ya mipaka ya Israel, wakapewa uraia, ila wengi wao waliwekwa chini ya utawala wa kijeshi hadi 1966, wakihitaji kibali hata cha kusafiri. Wayahudi na Waarabu wa nchi hiyo wakazoea kuishi katika miji tofauti na kusomesha watoto katika shule tofauti. Vituo vya kuwakutanisha vilikuwapo, kwa mfano kile kilichofunguliwa Givat Haviva mwaka 1963. Kituoni, hata hivyo, mtu hufika asubuhi na jioni akarudi kwake. Kilimani kwa Hussar mtu aliombwa ahamie.

Familia za kwanza zilifika mwishoni mwa miaka ya 1970, na mara moja wazo la mwanzilishi likaanza kugeuzwa na waliokuja kuliishi. Hussar aliwazia jumuiya ya Wayahudi, Wakristo na Waislamu, kila mmoja akishika dini yake na kuiheshimu ya jirani. Waliofika hawakuwa watu wa dini sana. Kilichowaleta ni siasa: Wayahudi waliochoshwa na maisha ya kutengana, na Wapalestina wenye uraia wa Israel, kama Abdessalam Najjar kutoka Galilaya, waliotaka mahali ambapo hawangekuwa wageni katika nchi yao. Waliweka kanuni iliyodumu mpaka leo, kwamba nusu ya wakazi wawe Wayahudi na nusu wawe Wapalestina. Mkuu wa kijiji akawa wa kuchaguliwa kwa kura, na wa pande zote mbili wameshika nafasi hiyo, Najjar akiwa mmoja wao.

Mwaka 1979 walianzisha Shule ya Amani. Haikuwa shule ya watoto. Ilikuwa mahali pa kuwakutanisha kwa siku chache wanafunzi wa sekondari wa Kiyahudi na wa Kiarabu, ambao wengi wao hawakuwahi kuzungumza na rika lao wa upande wa pili. Mwanzoni mafunzo yalifuata imani iliyokuwa ikitawala Marekani na Ulaya wakati huo, kwamba watu wakifahamiana mmoja mmoja, wakicheza na kula pamoja, chuki itayeyuka. Vijana walicheka, wakapiga picha, wakaagana kwa kukumbatiana. Waliporudi nyumbani kila kitu kilikuwa kama walivyokiacha, na kijana wa Kiyahudi aliendelea kumwona rafiki yake Mwarabu kuwa tofauti na Waarabu wengine.

Wawezeshaji wa shule hiyo, wakiwamo Nava Sonnenschein na Rabah Halabi, walibadili njia. Waliona kwamba chumbani hawaingii watu binafsi tu. Yanaingia mataifa mawili, moja lenye dola na jeshi, lingine lisilo navyo. Kila kikao kikapewa wawezeshaji wawili, Myahudi na Mpalestina. Kiarabu kilipewa haki sawa na Kiebrania na mkalimani akaketi kati. Katikati ya mafunzo kila kundi lilijitenga kwa muda, likaulizana lenyewe kwa nini limekasirika au kuogopa, kisha likarudi mezani. Ugomvi ukaruhusiwa. Vijana wa Kipalestina waliokuwa kimya kwa adabu walianza kusema wazi, na wa Kiyahudi waliokuja wakijiona watu wema waligundua kuwa wema wao haukuwa umewagharimu kitu.

Njia hiyo ilivuka mipaka ya kijiji. Makumi ya maelfu ya vijana na watu wazima wamepitia vikao vyake. Baadaye shule ilianza kozi ndefu za wanasheria, wapangaji wa miji, wataalamu wa afya ya akili na wengine ambao kazi zao hugusa maisha ya pande zote mbili. Mwaka 2019 Sonnenschein alichapisha kitabu cha mahojiano na wahitimu 25, Wayahudi na Wapalestina, wakieleza jinsi vikao vile vilivyobadili kazi walizochagua.

Jambo lililowagusa zaidi wakazi wenyewe, hata hivyo, lilikuwa watoto. Mwaka 1984 walifungua shule ya msingi, ya kwanza nchini humo ambamo watoto wa Kiyahudi na wa Kipalestina walisoma darasa moja kwa lugha mbili. Walimu wa Kiyahudi waliongea Kiebrania na wa Kipalestina Kiarabu, na kila mtoto alitakiwa kuwaelewa wote. Ilianza na watoto wachache wa kijijini. Baadaye ilifungua milango kwa watoto wa miji na vijiji vya jirani, hata wanafunzi wengi wakawa wanaletwa kwa basi kutoka nje.

Lugha ndiyo iliyofichua ugumu wa usawa. Watoto wa Kipalestina walijua Kiebrania upesi, maana ndicho cha benki, hospitali, chuo kikuu na runinga. Wa Kiyahudi walikielewa Kiarabu, lakini wengi walijibu kwa Kiebrania, na mchezo wowote uwanjani uliishia katika Kiebrania. Watafiti waliokaa na shule hiyo waliliandika hilo mara nyingi. Walimu waliongeza vipindi, wakatunga vitabu vyao wenyewe, ila hakuna ratiba ya shule iliyoweza kushindana na nchi nzima nje ya lango. Julai 2018 bunge la Israel lilipitisha sheria ya taifa la Kiyahudi iliyokiondolea Kiarabu hadhi ya kuwa lugha rasmi na kukiachia kile ilichokiita hadhi maalumu.

Kila mwaka, majira ya kuchipua, shule hukabili mtihani mwingine. Siku ambayo Wayahudi wa Israel husherehekea uhuru wao ni kumbukumbu ya tukio lile lile ambalo kwa Wapalestina ni Nakba. Walimu waliamua kutoficha lolote: makundi mawili hukumbuka kila moja kwa namna yake, kisha hukaa pamoja kusimuliana.

Kwa wakubwa ilikuwa vigumu zaidi. Vijana wa Kiyahudi wanapotimiza miaka 18 huitwa jeshini, na jeshi hilo ndilo linalowatawala ndugu za majirani zao katika Ukingo wa Magharibi. Februari 1997 helikopta mbili za kijeshi ziligongana kaskazini mwa Israel na kuua askari 73. Mmoja wao alikuwa kijana aliyekulia kijijini. Wote walimlilia. Ulipoletwa wito wa kuweka kibao cha kumkumbuka, kijiji kiligawanyika vibaya: Wapalestina wengi walisema wanaweza kumwombolezea mtoto wa jirani, lakini si kumwekea mnara askari wa jeshi lile. Mabishano yalichukua muda mrefu, na urafiki wa miaka mingi ukaingia ufa. Hatimaye kibao kiliwekwa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, kikimtaja kama mtoto wa amani aliyeuawa vitani. Hussar hakuliona hilo; alifariki Februari 1996.

Kijiji kilivuta macho ya dunia na pia ya maadui. Juni 2006 mwanamuziki Roger Waters, aliyeombwa na wanaharakati wa Kipalestina asifanye onyesho Tel Aviv, alilihamishia katika shamba la dengu la kijiji hicho, na watu zaidi ya 50,000 wakamiminika. Wiki chache baadaye vita vya Lebanon vililipuka. Juni 2012 wakazi waliamka na kukuta matairi ya magari yamechanwa na kuta zimeandikwa matusi dhidi ya Waarabu. Septemba 2020 moto uliunguza jengo la Shule ya Amani.

Kufikia wakati huo mbegu zilikuwa zimeota kwingine. Mwaka 1998 Amin Khalaf na Lee Gordon walifungua madarasa ya lugha mbili Yerusalemu na Galilaya chini ya mtandao wa Hand in Hand. Tawi la Yerusalemu lilichomwa moto Novemba 2014 na wafuasi wa kundi la Kiyahudi la Lehava, ambao baadaye walitiwa hatiani. Nje ya elimu, Yitzhak Frankenthal, ambaye mwanawe aliuawa na Hamas mwaka 1994, alianzisha mwaka uliofuata umoja wa familia zilizofiwa, Parents Circle, unaozikutanisha familia za Kiisraeli na za Kipalestina. Humo ndimo walimo Rami Elhanan, ambaye binti yake aliuawa na washambuliaji wa kujitoa mhanga Yerusalemu mwaka 1997, na Bassam Aramin, ambaye binti yake alipigwa risasi na polisi wa mpakani wa Israel mwaka 2007. Wawili hao wamezunguka nchi nyingi wakizungumza jukwaa moja.

Tarehe 4 Oktoba 2023 wanawake wa Women Wage Peace na wenzao Wapalestina wa Women of the Sun waliandamana pamoja Yerusalemu na kando ya Bahari ya Chumvi. Siku tatu baadaye Hamas ilishambulia kusini mwa Israel na kuua watu wapatao 1,200. Miongoni mwao alikuwa Vivian Silver, mmoja wa waanzilishi wa Women Wage Peace, aliyekuwa akiwasafirisha wagonjwa wa Gaza kwenda hospitali za Israel. Aliuawa nyumbani kwake Be'eri akiwa na umri wa miaka 74. Mashambulizi ya Israel yaliyofuata yaliua makumi ya maelfu ya watu Gaza na kubomoa sehemu kubwa ya makazi yake. Kijijini Latrun, wako waliokuwa na jamaa upande mmoja na waliokuwa na jamaa upande wa pili, na wote walitumia barabara moja kwenda dukani.

Wahat al-Salam – Neve Shalom bado ni kijiji kidogo, cha familia 70 hivi, na kimekuwa kikipanga viwanja zaidi. Wapalestina wanaoishi humo ni raia wa Israel. Yule wa Ramallah au Gaza hawezi kuhamia hata akitaka, kwa kuwa sheria haimruhusu. Hand in Hand imefikisha shule sita zenye wanafunzi 2,000 hivi. Watoto wengine wa Israel, karibu wote, bado huingia darasani asubuhi bila kukutana na mtoto wa upande wa pili, na kwa wengi wao mara ya kwanza kuzungumza kwa kirefu na rika huyo itakuwa chuoni au kazini, baada ya wa Kiyahudi kumaliza jeshi.