Gallaudet: Chuo Ambacho Viziwi Walikidai Kiwe Chao

Mwaka 1856 alitokea mtu mjini Washington akiwa na watoto watano viziwi aliowatoa New York. Alipita nyumba hadi nyumba akichangisha fedha, akisema anataka kuwafungulia shule. Amos Kendall, tajiri aliyewahi kuwa Waziri wa Posta wa Marekani, alikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono, hadi alipogundua kwamba watoto wale hawatunzwi. Akaenda mahakamani, akakabidhiwa ulezi wao, kisha akatoa nyumba na ekari 2 za ardhi yake ili shule iwepo kweli. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likaitambua kisheria kwa jina refu la zama zile: Taasisi ya Columbia ya Kufundisha Viziwi, Mabubu na Vipofu.

Aliyeitwa kuiongoza alikuwa kijana wa miaka 20, Edward Miner Gallaudet. Baba yake, Thomas Hopkins Gallaudet, pamoja na mwalimu kiziwi kutoka Ufaransa, Laurent Clerc, ndio waliofungua shule ya viziwi ya Hartford mwaka 1817. Lakini mtu wa kutazamwa hapa ni mama. Sophia Fowler Gallaudet alikuwa kiziwi, na alihamia Washington pamoja na mwanawe, akawa mlezi wa wanafunzi. Edward aliijua lugha ya alama tangu kwa mama yake. Hakuwajia viziwi kama mgeni anayetoa sadaka, na nadhani ndiyo maana aliwawazia jambo ambalo wengi wa wakati wake waliliona ndoto: shahada ya chuo kikuu.

Tarehe 8 Aprili 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa bado vinaendelea, Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyoipa taasisi hiyo mamlaka ya kutoa shahada. Mahafali ya kwanza yalifanyika mwaka 1869, na tangu hapo vyeti vya wahitimu hubeba sahihi ya Rais wa Marekani. Wanafunzi vipofu walikuwa wamekwisha kuhamishiwa Maryland, chuo kikabaki cha viziwi. Wanawake waliruhusiwa kujiunga mwaka 1887, na mwaka 1894 kikapewa jina la Gallaudet, kwa heshima ya yule baba.

Mwaka 1880 walimu wa viziwi wa Ulaya na Marekani walikutana Milan, Italia. Wajumbe walikuwa 164, na kiziwi kati yao alikuwa mmoja tu, James Denison, mwalimu mkuu wa shule ya watoto iliyo ndani ya eneo hilohilo la chuo. Mkutano ukapitisha kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa mdomo: wasome midomo ya mwalimu na walazimishwe kutamka. Alama zikapigwa marufuku darasani katika nchi nyingi, walimu viziwi wakapoteza kazi, na watoto wakaadhibiwa kwa kutumia mikono yao wenyewe. Edward Gallaudet alipinga azimio lile, na chuoni kwake lugha ya alama ikabaki. Azimio hilo lilifika mbali. Shule za kwanza za viziwi nchini Kenya, zile za Nyang'oma na Mumias mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilianza kwa njia hiyohiyo ya mdomo, miaka 80 baada ya watu wasikiao kuamua huko Milan.

Chuo kilichowapokea viziwi hakikuwapokea wote. Tangu mwaka 1905 watoto viziwi Weusi wa Washington walikuwa wakipelekwa shule ya mbali, katika jimbo la Maryland, wakati shule ya Kendall, ile ya watoto iliyo ndani ya eneo la chuo, ilikuwa mjini kwao. Mama mmoja, Louise Miller, alikuwa na watoto wanne, watatu kati yao viziwi. Mwanawe mkubwa, Kenneth, alipofikia umri wa kusoma, Kendall ikamkataa kwa rangi yake. Mama Miller akaungana na wazazi wengine, wakaishtaki halmashauri ya elimu ya mji, na mwaka 1952 wakashinda. Ushindi wenyewe ukawekewa uzio: watoto walijengewa jengo lao pembeni, wakafundishwa mbali na wenzao Wazungu, katika eneo lilelile la chuo. Ilibidi Mahakama ya Juu ya Marekani iharamishe ubaguzi shuleni mwaka 1954 ndipo watoto wakachanganywa.

Mwaka huohuo wa 1954 Andrew Foster alitunukiwa shahada. Alizaliwa Alabama mwaka 1925, akapoteza kusikia akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo, na akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet. Jina lake lingestahili kufahamika zaidi kwetu. Mwaka 1957 alifika Ghana na kuanzisha shule mjini Accra, akitumia madarasa ya shule ya wasikiao baada ya wenyewe kurudi nyumbani. Kwa miaka 30 alizunguka Afrika Magharibi na ya Kati, akaacha nyuma yake shule zaidi ya 30 katika nchi 13, na walimu viziwi waliofundishwa kufundisha viziwi wenzao. Alama zinazotumiwa na viziwi wengi wa Kongo hadi leo zina asili katika zile alizokuja nazo. Alifariki Desemba 1987 kwa ajali ya ndege ndogo nchini Rwanda, akiwa safarini kwenda Kenya.

Ndani ya chuo chenyewe, mwalimu wa Kiingereza aitwaye William Stokoe, msikiaji, alichapisha mwaka 1960 uchambuzi ulioonyesha kwamba alama za wanafunzi wake zina sarufi kamili kama lugha nyingine yoyote. Wenzake walimbeza, hata baadhi ya viziwi, maana walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba wanachokitumia ni ishara duni tu.

Machi 1988, miezi mitatu baada ya kifo cha Foster, bodi ilikaa kumchagua mkuu mpya wa chuo. Katika miaka 124 Gallaudet ilikuwa imeongozwa na wakuu sita, wote wasikiao. Safari hii waliofika mwisho wa mchujo walikuwa watatu, wawili kati yao viziwi. Tarehe 6 bodi ikamteua wa tatu, Elisabeth Zinser, asiyeijua lugha ya alama.

Asubuhi ya tarehe 7 wanafunzi walikuwa wameziba malango ya chuo kwa magari na mabasi. Madai yao yalikuwa manne: mkuu awe kiziwi; mwenyekiti wa bodi ajiuzulu; viziwi wawe asilimia 51 ya bodi, ambayo wakati huo ilikuwa na wanne tu kati ya wajumbe 21; na asiadhibiwe yeyote. Mwenyekiti alipokuja kuzungumza nao ukumbini, king'ora cha moto kikalia. Akasema hawezi kuongea kwa kelele ile. Akajibiwa kwa mikono kwamba angejua lugha ya alama, wangemsikia. Alikuwa ameitumikia bodi ya chuo cha viziwi kwa miaka, na bado alihitaji mkalimani kuwasalimu wanafunzi wake.

I. King Jordan, mmoja wa wale viziwi wawili, alianza kwa kuunga mkono uamuzi wa bodi. Siku iliyofuata akasimama mbele ya wanafunzi akaubatilisha usemi wake. Zinser akajiuzulu usiku huo, tarehe 10. Kesho yake maelfu waliandamana hadi Bungeni. Jumapili ya tarehe 13 mwenyekiti aliachia ngazi, nafasi yake ikachukuliwa na kiziwi, na Jordan akatangazwa mkuu wa chuo. Yote hayo yalitokea ndani ya wiki moja, na waliokuwa mbele walikuwa wanafunzi.

Miaka miwili baadaye Marekani ilipitisha sheria kubwa ya haki za watu wenye ulemavu. Mtu asiseme ilizaliwa na wiki ile pekee, kwa sababu wengine walikuwa wameipigania kwa miaka mingi. Ila hakuna mbunge aliyeweza tena kudai kwamba hajawaona. Huku kwetu Katiba ya Kenya ya 2010 iliiweka Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge. Gallaudet nayo ilimpata mkuu wake wa kwanza mwanamke kiziwi, Roberta Cordano, mwaka 2016.

Julai 2023 chuo kiliwaenzi wanafunzi 24 wa lile jengo la pembeni, pamoja na walimu wao wanne, na kuwatunuku wanafunzi hao vyeti vya kuhitimu ambavyo hawakuwahi kupewa. Bodi ilikuwa imekiri kosa na kuomba radhi. Miaka 71 ilikuwa imepita tangu Mama Miller ashinde kesi, na wengi wa wale 24 walikuwa wamekwisha kufariki. Vyeti vyao vilipokewa na familia zao.