Chama cha Tatu na Duru ya Pili

Mara nyingi twasikia watu wakisema kwamba uchaguzi ni wa vyama viwili vikubwa, na kwamba anayemchagua mtu wa tatu aitupa bure karatasi yake. Je, ni kweli? Tuitazame historia ya Kongo yetu.

Zamani sheria yenyewe ilihesabu vyama. Katiba ya tarehe 24 Juni 1967 ilisema visizidi viwili. Lakini cha pili hakikupata ruhusa kamwe: MPR ilikuwa peke yake, na mwaka 1970 ikafanywa chama pekee kwa sheria. Halafu, tarehe 24 Aprili 1990, Rais Mobutu akatangaza kuwa sasa vyama vitatu vyaruhusiwa. Hesabu hiyo haikumaliza hata mwaka. Vyama vikaota kama uyoga.

Basi amri haikuweza kupanga idadi ya vyama. Kinachompa mtu wa tatu nguvu, au kumnyima, ni namna ya kuhesabu kura.

Mwaka 2006 wagombea urais walikuwa 33, na sheria ilidai mshindi apate zaidi ya nusu ya kura. Tarehe 30 Julai Joseph Kabila alipata karibu asilimia 45, Jean-Pierre Bemba 20, na mzee Antoine Gizenga wa chama cha PALU 13. Ikabidi duru ya pili. Hapo mzee yule, aliyeshindwa, ndiye aliyebembelezwa. Akapatana na Kabila, Kabila akashinda mwezi wa Oktoba kwa asilimia 58, na kabla mwaka haujaisha Gizenga akawa Waziri Mkuu. PALU ilikuwa na wabunge 34 tu kati ya 500! Huku kwetu, Bwana Mbusa Nyamwisi alijitoa akamwunga mkono Kabila hata kabla ya duru ya kwanza. Mwaka 2007 akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Wengine watayaita haya biashara ya vyeo, nasi hatukatai. Lakini walau mkubwa alilazimika kubisha hodi kwa mdogo.

Mwezi wa Januari 2011 katiba ikabadilishwa, duru ya pili ikafutwa. Tangu hapo anayetangulia ashinda, hata kwa kura chache. Baada ya uchaguzi wa mwezi wa Novemba Kabila alitangazwa mshindi kwa asilimia 48.95, Étienne Tshisekedi alipewa 32, Vital Kamerhe karibu 8. Kwa sheria ya kwanza wangerudi kupiga kura, na Kamerhe angekuwa na neno la kusema. Sasa hakuna aliyemhitaji, na asilimia zake 8 ziliwapunguzia tu wapinzani wenzake.

Mwaka 2018 jambo hilo lilizidi. Félix Tshisekedi alitangazwa kwa asilimia 38 na kitu, Martin Fayulu 34, Emmanuel Shadary 23. Maaskofu walisema hesabu hiyo hailingani na ile waliyoikusanya watazamaji wao. Na tukumbuke kwamba ndugu zetu wa Beni na Butembo hawakuhesabiwa hata kidogo: kwa sababu ya Ebola na vita uchaguzi wao ulisogezwa mpaka Machi 2019, na Rais alikwisha kuapishwa tarehe 24 Januari. Wakachagua wabunge tu.